Watoto wanaimba silabi lakini hawazisomi: nifanyeje katika darasa la wanafunzi zaidi ya 100?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Simiyu

Walimu wenzangu, nawasalimu. Ninafundisha katika shule ya msingi ya serikali, na darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 100, kwa kuwa tangu elimu ianze kutolewa bila malipo mwaka 2016 uandikishaji katika eneo letu umezidi vyumba vya madarasa tulivyo navyo.

Jambo ninaloomba mnisaidie ni hili. Nikiandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu na kuonyesha kila silabi kwa ufito, darasa zima huitikia kwa sauti moja, na mtu anayepita nje angeamini kwamba watoto wote wanasoma. Nikiruka mpangilio na kuweka ufito moja kwa moja kwenye "bo", sauti hupungua wakabaki wachache, na nikiwatazama wengine usoni naona midomo ikienda kimyakimya, ba, be, bi, mpaka wafike pale ufito ulipo. Wapo pia wanaosoma ukurasa mzima wa kitabu huku macho yao yakiwa kwa jirani, kwa sababu wameusikia mara nyingi. Wimbo wameushika, ila herufi hawazijui.

Linanisumbua kwa sababu wakifika Darasa la Tatu watakutana na masomo yanayodai kila mmoja ajisomee mwenyewe, na asiyejua kusoma wakati huo huachwa nyuma katika masomo yote. Naomba uzoefu wenu juu ya namna ya kuwatoa kwenye kukariri, na namna ya kumfikia mtoto mmoja mmoja wakati kipindi chenyewe ni dakika 30.

Mwalimu mstaafu, Dodoma

Mwalimu, kwanza hongera kwa kuitazama midomo ya watoto, maana wengi wetu husikiliza sauti ya darasa tukaridhika nayo.

Ushauri wangu ni kwamba usiharakishe kumaliza konsonanti zote. Vokali za Kiswahili ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na silabi zetu nyingi huishia na vokali. Mtoto aliyezielewa vokali hizo pamoja na konsonanti nne tu, tuseme m, k, t na l, tayari ana silabi 20, na kwa silabi hizo anaweza kusoma kuku, mate, tatu, kula, lima, kimo na meli. Akiona kwamba ameyasoma maneno anayoyajua bila kusaidiwa, hamu yake ya kusoma huongezeka kuliko akikaririshwa jedwali zima la silabi. Anza na sauti ya herufi kabla ya jina lake, kwa kuwa mtoto aliyefundishwa kusema "em" hataona kwa nini "em" na "a" zikikutana zinakuwa "ma".

Zoezi ambalo halikuwahi kuniangusha ni la kadi. Kata kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani, uandike herufi kwa kalamu ya wino mzito. Waite watoto wawili mbele, mmoja ashike m na mwingine ashike a, wasimame mbalimbali. Darasa litamke sauti ya kila mmoja, kisha wawili hao wasogeleane hatua kwa hatua huku darasa likiziunganisha sauti kwa kasi zaidi, mpaka mabega yao yagusane na wote waseme "ma". Hapo mwenye a aondoke, aje mwenye u, na usifuate mpangilio wa a, e, i, o, u hata siku moja.

Ukitaka kujua nani anasoma na nani anakumbuka, andika neno lisilo na maana, kama "kelotu" au "meloti". Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia, kwa hiyo atakayelitamka amelisoma. Hata hivyo, waambie mapema kwamba ni neno la mchezo, wasije wakaumia vichwa kutafuta maana yake.

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza, Kakamega

Salamu kutoka Kenya, mwalimu. Hapa kwetu Tusome, mradi wa kufundisha watoto wa madarasa ya mwanzo kusoma, ulipoenezwa nchini kuanzia mwaka 2015, tulizoeshwa kufundisha kila ujuzi kwa hatua tatu: mwalimu anaonyesha, kisha mwalimu na wanafunzi wanafanya pamoja, kisha mwanafunzi anafanya peke yake. Nikisoma maelezo yako naona kwamba darasa lako limekwama kwenye hatua ya pili, na katika darasa kubwa hatua hiyo huwa na mvuto mkubwa, kwa kuwa ina kelele, ina uchangamfu, na mwalimu anaondoka akiwa ametosheka.

Sikubaliani na wanaosema wimbo uondolewe kabisa, kwani unawapa watoto wageni ujasiri wa kufungua kinywa. Uimbwe mwanzoni mwa kipindi, ufutwe ubaoni, kisha watoto wasome wawili wawili, kila mmoja akiweka kidole chini ya neno analolitamka. Ukipita katikati ya madawati usisikilize sauti, angalia vidole. Aliyekariri, kidole chake huwa mbele au nyuma ya mdomo, na hutelezeshwa kwenye mstari bila kusimama kwenye neno lolote.

Vitabu vikiwa vichache, mwandikie kila mtoto maneno manne au matano kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, aende nayo nyumbani.

Mwalimu wa taaluma, Mwanza

Kuhusu kumfikia kila mtoto, nashauri uache kabisa nia ya kuwasikiliza wote kwa siku moja, kwa sababu itakuchosha na hakuna atakayesikilizwa vizuri. Chagua safu moja kila siku. Wakati wengine wananakili au wanachora kitu kinachoanza na sauti ya siku hiyo, watoto wa safu hiyo wakufuate mmoja mmoja na kadi yenye herufi chache, silabi chache, maneno mawili na sentensi moja. Wanaofuatilia upimaji wa Uwezo, ambao huwapima watoto majumbani, watautambua utaratibu huu wa kumpandisha mtoto ngazi kwa ngazi mpaka pale anaposhindwa. Mtoto mmoja hachukui hata dakika mbili.

Andika kwenye daftari lako ngazi aliyofikia, si alama. Safu zote zikishapita utakuwa na makundi yako, na makundi hayo yabadilike kadiri watoto wanavyopanda. Naomba sana yasipewe majina ya kuwadhalilisha, na wasioweza wasikalishwe nyuma, maana wao ndio wanaohitaji kuuona ubao.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Simiyu

Nawashukuru sana. Zoezi la kadi na la vidole nitayaanza wiki hii. Limebaki moja: wengi wa watoto wangu nyumbani huzungumza Kisukuma, na mtoto akikuta "rula" husoma "lula". Je, nimwandike kwamba hajaisoma r?

Mwalimu wa awali, Shinyanga

Mimi mwenyewe ni Msukuma, na nakusihi usimwandike hivyo kabla ya kumpima kwa njia nyingine. Kisukuma hakina sauti ya r, hivyo ulimi wa mtoto huyo unatumia sauti iliyo karibu. Weka mbele yake kadi za r, l, n na t, umtamkie wewe "r", umwambie aichague. Akiichagua bila kusita, herufi anaijua, na kilichobaki ni matamshi, ambayo huja taratibu kwa kusikia na kuzungumza. Akichanganya kadi ya r na ya l, hapo kweli kuna kazi ya kufanya, na ifanyike mapema kwa sababu kosa hilo litajitokeza tena kwenye imla.

Zaidi ya r, angalia pia kama anaelewa anachokisoma. Nimekutana na watoto wanaotamka "bustani" vizuri kabisa lakini hawajawahi kulisikia neno hilo. Kabla ya kuandika maneno ya siku ubaoni, tumia dakika chache kuyazungumza, kwa picha au kwa kitu chenyewe, na pale inapobidi wape neno la Kisukuma kisha urudi kwenye Kiswahili.