Waliowahi kuingia ndani kabisa ya pango, tupeane uzoefu: mlikuta nini, na kilibaki nini moyoni?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa mapango. Sizungumzii kuchungulia mlangoni, kupiga picha na kuondoka. Nawatafuta waliopita pale mwanga wa jua unapokata kabisa.

Nianze mimi. Kiongozi wetu alitukalisha chini kwenye ukumbi mpana, akatuomba tuzime tochi zote kwa pamoja. Nikasogeza kiganja mbele ya uso mpaka nikahisi joto lake puani, na bado sikukiona. Giza la usiku macho hulizoea, kwa sababu daima kuna kimwanga cha nyota au cha mbali. Hili la pangoni hulizoei hata ukikesha, maana hakuna mwanga wowote wa kushika.

Tangu siku ile kuna jambo halinitoki. Tumekua tukiambiwa watu wa kale waliishi mapangoni. Kwa sehemu kubwa waliishi mdomoni, penye mwanga, hewa na upenyo wa moshi. Huko ndani hapakuwa pa kulala wala pa kupikia, lakini michoro mingi mizuri kuliko yote ndiko iliko. Katika pango la Lascaux, Ufaransa, ilikutwa taa ya jiwe jekundu la mchanga, imechongwa ikalainishwa, ya kuchomea mafuta ya wanyama. Kuna mtu alibeba taa ya namna hiyo, akainama, akatambaa, akaenda kuchora mahali ambapo hakuna atakayeona kazi yake bila kuja na mwanga wake mwenyewe. Pango la Chauvet, lililogunduliwa Desemba 1994, lina simba na faru wa makaa, na michoro ya zamani zaidi humo inakadiriwa kufikia miaka 36,000. Walifuata nini mle? Mliofika sehemu za namna hiyo, semeni mlichohisi.

Sauti ya Nne

Mkuu, mimi nasema walifuata sauti. Ni mwanakwaya, na nikiingia mahali popote penye dari huanza kuvuma noti ya chini nisikilize. Pangoni nilipita njia finyu, sauti ikafia mdomoni mwangu. Hatua chache mbele ukuta ukaitika, noti ikarudi nene kuliko nilivyoitoa, ikatetemesha kifua. Nilinyamaza na bado ikaendelea.

Miaka ya 1980 watafiti walipita kwenye mapango ya Ufaransa wakiimba na kusikiliza, wakaeleza kwamba michoro hukutwa kwa wingi pale sauti inapovuma zaidi. Baada ya yaliyonipata, hilo naliamini kwa moyo wote. Tunawafikiria wachoraji wale wakiwa kimya kwa sababu tumebakiwa na picha tu.

Jiwe na Maji

Mimi nimesomea miamba, na mapangoni naingia kwa kazi. Naomba niwape kilichonishika zaidi: tone moja.

Mvua inapopita kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo hula mawe ya chokaa taratibu, na hivyo ndivyo mapango mengi yalivyochimbika. Tone linapotokeza darini, ile hewa hutoka na kuingia pangoni, maji hayawezi tena kushikilia chokaa yote, kidogo hubaki pale. Ukisogeza tochi utaona stalaktiti changa ikining'inia, nyembamba, tupu katikati kama mrija wa soda, na nchani tone linavimba. Nimekaa nikilitazama likitetemeka bila kuanguka mpaka shingo ikauma. Lilipodondoka, liliacha duara la chokaa jembamba kuliko unywele.

Mara nyingi ukuaji wake ni sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Hiyo unayotaka kuishika ili upigwe picha huenda ilianza kabla binadamu hawajajua kuandika.

Mgeni wa Jana

Dada, kwa hiyo tukigusa linakufa?

Jiwe na Maji

Mafuta ya ngozi hukaa juu ya jiwe, maji ya chokaa hayashiki vizuri tena hapo, na rangi hubadilika. Kwenye mapango ya watalii utaziona, zimeng'aa na kuwa nyeusi usawa wa mikono ya watu. Inaniuma kila ninapoziona. Tafadhali usiguse.

Mama Wawili

Mwanzisha mada umeuliza walifuata nini. Wengine walipeleka wapendwa wao. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, la miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Wamempa jina la Mtoto. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na namna kichwa kilivyokaa inaonyesha kiliegemezwa juu ya kitu ambacho kimeshaoza. Mto.

Nina mtoto wa umri huo. Niliposoma habari ile niliweka simu chini nikaenda kumtazama alivyolala.

Mlinda Popo

Nawasihi msiwasahau wenyeji. Kazi yangu ni kuhesabu popo, na sehemu kubwa ya uhai wa pango huwategemea: wanakula nje, wanarudi na kuacha kinyesi, na kwenye kinyesi hicho wanaishi kuvu na wadudu, na buibui wanaowinda wadudu hao. Popo wakihama, pango huanza kufa njaa.

Huko Marekani mwaka 2006 ulionekana kwa mara ya kwanza, katika jimbo la New York, ugonjwa wa kuvu nyeupe puani mwa popo. Huwaamsha katikati ya usingizi wa baridi, wanamaliza mafuta ya mwili kabla wadudu hawajarudi. Umeua mamilioni. Kuvu hiyo inaweza kusafiri kwenye viatu na kamba za watu, kwa hiyo ukitoka pango moja kwenda jingine safisha vifaa vyako vyote.

Na kuna mnyama anaitwa proteo, wa mapango ya Slovenia na nchi jirani, mweupe wa rangi ya ngozi, macho yamefunikwa, anaweza kukaa miaka bila kula. Nilimwona mmoja kwenye maji ya goti. Alinyoosha shingo kuelekea mguu wangu, akanusa maji, akageuka polepole. Sijawahi kujiona mgeni kiasi kile.

Ustadh wa Mtaa

Assalaam aleikum. Mtume Muhammad (SAW) alikuwa katika pango la Hira wahyi ulipomjia kwa mara ya kwanza, na wakati wa Hijra alijificha na Abubakar katika pango la Thawr. Vijana wa Kahf walilala pangoni, na kisa chao kinasimuliwa na Wakristo pia. Ndugu zetu wa Biblia wanaye Eliya pale Horebu. Mimi nilipokaa peke yangu pangoni sikupata maono yoyote, ila mawazo yaliyonizonga yalipungua moja moja, nikabaki na lile lililonileta.

Mwalimu wa Fikra

Aleikum salaam ustadh. Umenipa nguvu ya kusema hili: Plato aliyaonea mapango. Katika mfano wake wafungwa wamefungwa pangoni wakitazama vivuli ukutani, wakidhani ndiyo dunia yote, na ukweli uko nje juani. Nimeufundisha mfano huo miaka mingi, na naupenda. Lakini siku nilipotembeza taa mbele ya ukuta wenye matuta, vivuli vikasogea na mawe yakaonekana kupumua, niliona upande wa pili. Kule Altamira, Uhispania, wachoraji walitumia matuta ya dari kuwa miili ya nyati. Hawakufungwa na vivuli. Walivitazama wakatoa mnyama.

Na aliyewaona kwanza nyati hao mwaka 1879 ni mtoto wa kike, Maria, aliyeinua macho wakati baba yake, Marcelino Sanz de Sautuola, akichunguza sakafu. Wataalamu wakubwa walikataa kuamini kwamba michoro ile ni ya kale. Baba alifariki 1888, na mpinzani wake maarufu, Émile Cartailhac, alikiri hadharani mwaka 1902 kwamba alikosea. Hilo linanichoma hadi leo.

Saa Mbovu

Mimi kilichonipata ni muda. Nilitoka nikiamini bado ni mchana, nikakuta usiku umeiva. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa chini ya ardhi peke yake miezi miwili bila saa. Alitolewa tarehe 14 Septemba, na yeye kwa hesabu yake ilikuwa 20 Agosti.

Mgeni wa Jana

Na anayetaka kuona michoro halisi aende wapi?

Mwanzisha mada

Lascaux ilifunguliwa kwa wageni 1948 ikafungwa 1963, kwa sababu pumzi na joto la watu viliotesha mwani ukutani. Chauvet haikufunguliwa kabisa. Kwa hayo mawili utaona nakala. Wapo wanaolalamika, mimi nasema heri nakala mia kuliko faru mmoja wa Chauvet aote ukungu.

Mgeni wa Jana

Asanteni. Nina hofu ya sehemu finyu ila nimepata hamu. Nianzie wapi?

Jiwe na Maji

Anza na pango lenye ngazi na taa, karibu na mlango, na mwambie kiongozi mapema kwamba una hofu. Ukizoea ukaenda mapango ya porini, usiende peke yako, vaa kofia ngumu, kila mtu awe na vyanzo vitatu vya mwanga, na mtu wa nje ajue saa ya kurudi. Mvua ikitabiriwa, ahirisha. Vijana 12 na kocha wao waliingia Tham Luang, Thailand, tarehe 23 Juni 2018, maji yakafunga njia nyuma yao, na wa mwisho walitolewa tarehe 10 Julai. Mzamiaji mmoja alifariki wakati wa kuwapelekea mitungi ya hewa. Uliza hali ya hewa ya huko milimani maji yanakotoka, usiangalie mawingu ya mlangoni peke yake.