MREJESHO: Kumbukumbu za nahodha Forbes nimezipata

Wakuu, niliuliza hapa wapi nitapata kumbukumbu za Robert Bennet Forbes, nahodha wa Boston, na ukoo wake uliishia wapi. Asanteni sana mlionijibu.

Skani ya kitabu chake cha kumbukumbu, Personal Reminiscences cha 1878, nimeipakua bure Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, kama mlivyosema. Ila ule ushauri wa kutumia toleo la maandishi matupu umegoma, herufi zimevurugika, majina ya meli hayasomeki kabisa, soma kurasa zenyewe tu. Jamaa kaingia baharini 1817 akiwa na miaka 13, halafu 1847 akaongoza meli ya vita Jamestown toka Boston mpaka bandari ya Cork kama siku 15 hivi, imejaa chakula cha watu waliokuwa wanakufa njaa Ireland, aisee hapo machozi yalinilenga. Lakini utajiri wa ukoo wake ulitoka pia kwenye biashara ya kuuza afyuni China, na hilo lisemwe wazi.

Kuhusu ukoo, nyumba ambayo yeye na mdogo wake John walimjengea mama yao 1833 bado ipo Milton, Massachusetts, siku hizi ni makumbusho. Na John Kerry, yule waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, ni wa ukoo huohuo upande wa mama, aliyenidokeza hili barikiwa sana.