Zimebaki siku 12 nishindane: niweke Axel au nibaki na mruko wa waltzi?

Ukingo wa Nje (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Usingizi umekata, naomba msaada wenu. Nimejiandikisha mashindano ya klabu ya kuteleza kwenye barafu, kundi la watu wazima wasiolipwa, programu ya dakika 1 na sekunde 40. Zimebaki siku 12. Tangazo linaruhusu miruko minne, mizunguko miwili na msururu mmoja wa hatua. Miruko ya Salchow, lupu na flipu ninayo. Swali langu ni moja: mruko wa kwanza uwe Axel (mzunguko mmoja na nusu hewani), au niweke waltzi (nusu mzunguko tu) nilale salama? Axel natua mara nne kati ya kumi. Majibu ya moja kwa moja tafadhali, muda umenibana.

Dawati la Majaji
Mkuu, fungua tena tangazo uangalie mambo mawili. La kwanza, daraja lako linaruhusu Axel? Madaraja mengi ya chini hayairuhusu kabisa, na ukiiweka unakatwa hata ukitua kama unyoya. La pili, alama zinahesabiwaje? Kama ni mfumo wa pointi, Axel ina 1.10, Lutz 0.60, flipu na lupu 0.50 kila moja, Salchow na tolupu 0.40. Ukianguka, alama ya ubora inashuka hadi -5, yaani nusu ya thamani inaondoka. Axel inabaki 0.55, halafu anguko lenyewe lina makato yake yanayotolewa kwenye jumla. Mzunguko wa hewani ukipungua zaidi ya robo, thamani inaanza na 0.88 tu, na ukianguka juu yake unabaki na 0.44. Lupu safi ni 0.50. Kwa mara nne kati ya kumi, hesabu haikubebi.
Kama ni ule mfumo wa zamani wa 6.0, hakuna bei ya mruko mmoja mmoja. Majaji wanakulinganisha na wenzako kwa jumla, na anguko la sekunde ya kumi linakaa kichwani mwao mpaka unainama kuaga.

Mzee wa Lupu
Vijana mnakimbilia Axel wakati kuvuka mguu kwenyewe (kupitisha mmoja juu ya mwingine) bado mnaburuza meno ya mbele ya bleidi, kile chuma cha chini ya kiatu. Axel Paulsen wa Norway aliurukia mruko ule Vienna mwaka 1882, na mpaka leo katika miruko sita inayohesabiwa ni huo pekee unaoanza ukiangalia mbele. Ndiyo maana una nusu mzunguko wa ziada. Nusu hiyo haitoki mabegani, inatoka kwenye ukingo wa nje wa bleidi unaoushikilia goti likiwa limeshuka. Jaji anakuona unateleza sekunde 100, hewani uko nusu sekunde. Jifunzeni kingo kwanza! Na kushindana si lazima, heshimuni barafu.

Sina Presha
Mimi nauliza nguo. Umeshafanya mazoezi ukiwa umevaa nguo ya mashindano? Shanga ikidondoka, anayekufuata anaikanyaga kwa bleidi na kwenda chini. Shona kila shanga kwa uzi wenye fundo lake, usitegemee gundi peke yake. Pini za nywele zifungwe chini ya wavu. Zungusha mikono yote miwili uone kama bega la nguo linapanda. Likipanda kwenye mruko, mkono unachelewa kuingia kifuani na mzunguko unakwama hapo. Uking'aa, hata ukianguka utaonekana nyota imeshuka duniani.

dada_kamba
Tusimkimbize mwenzetu. Mleta uzi, mara nne kati ya kumi tangu lini? Mwezi uliopita ilikuwaje?

Ukingo wa Nje
Mwezi uliopita ilikuwa kama saba. Nadhani ni uchovu. Turudi kwenye swali jamani, Axel au waltzi?

dada_kamba
Uchovu haushushi saba kuwa nne huku Salchow na flipu zikibaki salama. Kuna kitu kimebadilika. Barafu, muziki, au miguuni?

Ukingo wa Nje
Sikuona kama linahusiana, ndiyo maana sikuandika. Nina viatu vipya, leo siku ya tano. Bleidi nazo mpya, zamani nilikuwa na upinde wa futi 8, hizi ni futi 7. Vile vya zamani vilikuwa vimekunjika kifundoni, ningefanyaje? Nimeshalipa, muziki nimeshakata, na fomu ya vipengele nimeituma Axel ikiwa imeandikwa namba moja. Kwa hiyo kurudi nyuma hakupo. Vipya vinanishika vizuri, nahitaji kuzoea tu.

fundi_bleidi
Sasa ndiyo umeuliza. Kwa mtu mzima anayeteleza mara tatu au nne kwa wiki, wiki tatu hadi nne ni kawaida kabla ngozi ya kiatu kifundoni haijaanza kukunja pale unapokunja wewe. Mpaka hapo goti halishuki, na Axel bila goti ni kujirusha. "Vinanishika vizuri" maana yake bado havijakuachia.
Upinde nao. Futi 8 ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.4 hivi, futi 7 ni mita 2.1. Namba ikipungua bleidi inapinda zaidi. Inageuka upesi, na inakurusha mbele au nyuma upesi vilevile. Kale kasehemu nyuma tu ya meno unakozungukia kamehama kidogo, na mguu wako unakatafuta pale pa zamani. Kwenye Axel, pale unapopanda juu ya meno kabla ya kuondoka, unafika mapema au umechelewa. Salchow inakusamehe, Axel haisamehi.
Halafu nijibu: bleidi mpya zimefungwa kwa skrubu zote, au bado ziko kwenye matundu marefu ya kusogezea tu? Na zimenolewa? Za dukani nyingi hazijakamilika kunolewa. Geuza kiatu, laza sarafu juu ya kingo mbili kwa upana, funga jicho moja, tazama kutoka kisiginoni. Sarafu ikiinama upande, ukingo mmoja uko juu kuliko mwingine, na utajilaumu bure kila unapotua.

Ukingo wa Nje
Matundu marefu tu. Fundi alisema niteleze kwanza, zikivuta upande azisogeze. Sarafu imelala sawa. Mguu wa kushoto, ninaotulia, unaelekea ndani kidogo. Lakini watu wanashindana na viatu vipya kila siku, sioni ajabu.

fundi_bleidi
Unaelekea ndani, na kutua kunatakiwa ukingo wa nje ukirudi nyuma. Unasikia unachosema? Bleidi hiyo inatakiwa isogezwe milimita moja hivi, uiteleze tena, ndipo ifungwe moja kwa moja. Hiyo kazi haiishi salama ndani ya siku 12 huku unarusha Axel ishirini kwa siku. Vya zamani viko wapi?

Dawati la Majaji
Fomu ya vipengele isikutishe. Kwenye mfumo wa pointi unahukumiwa kwa ulichofanya barafuni, fomu ni ya kumsaidia anayeandika. Ukiandika Axel ukafanya lupu, utapewa lupu. Angalia tu usirudie mruko uleule kupita tangazo linavyoruhusu.

jicho_la_kamera
Samahanini, mimi naona chai hapa. Mleta uzi aliweka video kwenye wasifu wake jana. Mtu yule anazunguka kinyume na mwendo wa saa na anatua mguu wa kulia. Hapa anatuambia anatua kushoto. Anayezunguka kinyume cha saa hatui kushoto, ni kulia, ukingo wa nje, kinyumenyume. Ama video si yake, ama hajawahi kuvaa viatu hivyo, anatuchezea na kutumalizia muda.

Mzee wa Lupu
Nilijua! Mtu mwenye lupu na flipu hawezi kusahau mguu wa kutulia. Uzi ufungwe.

Sina Presha
Mbona maelezo ya skrubu yamenyooka? Chai haina matundu marefu.

dada_kamba
Kabla ya kufunga, rudieni video sekunde ya sita, nyuma yake ukutani. Namba za mlango zimegeuka, 2 inaangalia upande usio wake. Ni kamera ya mbele ya simu, imepindua picha kama kioo. Anazunguka na mwendo wa saa na anatua kushoto, kama alivyosema.

Ukingo wa Nje
Ndiyo, niliegesha simu kwenye ukuta wa pembeni wa uwanja nikitumia kamera ya mbele ili nijione. Imeniumiza kuitwa mwongo, lakini nashukuru umeangalia. Vya zamani ninavyo, bleidi zake bado zimefungwa.

jicho_la_kamera
Naomba radhi mkuu, kwa moyo wote. Nimeirudia video kwa kuigeuza na kuisimamisha picha kwa picha. Axel uliyoiweka kama "safi": bleidi inapogusa barafu, vidole bado vinaangalia upande, zaidi ya robo imekosekana, kisha unamalizia ukiwa tayari chini. Unaona unyunyu mdogo wa barafu kwenye meno? Huo ndio unamalizia. Kwa jaji ni 0.88, na ubora unashuka juu yake. Kwa hiyo hata zile nne kati ya kumi zihesabu upya.

Ukingo wa Nje
Hiyo sikuwahi kuiona. Nikifanya waltzi badala yake si nitakuwa napoteza pointi?

Dawati la Majaji
Usiweke waltzi, unajinyima. Tolupu unayo? Anza na lupu safi ikifuatiwa na tolupu, 0.50 na 0.40 kwenye nafasi moja ya mruko, kama tangazo linaruhusu mchanganyiko. Flipu peke yake. Salchow peke yake. Nafasi ya nne weka flipu ya pili ikiwa marudio yanaruhusiwa. Lutz usiiguse kama ukingo unabadilika kwenda ndani kabla ya kuondoka, thamani inashuka kwa asilimia 20 na ubora unafuata.
Pointi zako nyingine ziko kwenye mizunguko. Mzunguko usiofika mara tatu hauhesabiwi, na mkao usiposhikiliwa mara mbili si mkao. Ukihesabu kwa sauti mazoezini utashangaa wa kukaa unaishia mara moja na nusu.

dada_kamba
Ratiba ya siku 12 sasa. Programu nzima na muziki mara mbili kila siku ya mazoezi, bila kusimama hata ukianguka. Anguko linakula kama sekunde tano. Chagua sehemu tatu kwenye muziki ambapo unaweza kujiunga tena, na ujue ni hatua zipi unazitupa ili uwahi. Pima muda tangu mwili unapotikisika mara ya kwanza hadi unaposimama kabisa, usipime urefu wa faili.
Uliza pia ukubwa wa uwanja. Wa mita 60 kwa 30 na uliouzoea, kama ni mdogo zaidi, si kitu kimoja, utafika kwenye mruko ukiwa bado katikati. Ongeza kuvuka mguu mara mbili kila upande na uijaribu hivyo. Siku mbili za mwisho programu mara moja tu, kisha utoke.
Siku yenyewe pasha mwili nje ya barafu dakika 15 hadi 20. Dakika za pamoja za kupasha ni chache: zunguka uwanja mara moja kwa kasi, kila mruko mara moja, mzunguko mmoja, basi. Barafu ikiwa imetoka kumwagiwa maji na mashine, mipito ya kwanza iwe mipole.

fundi_bleidi
Na shindana na vya zamani. Vimekunjika, ndiyo, lakini mwili unavijua. Funga kamba kwa nguvu kwenye kifundo, ndoano mbili za juu ziache nafasi ya kidole kimoja ili goti lishuke. Kunoa, kama kunahitajika, kufanyike leo au kesho, ubaki na mazoezi manne au matano. Pitisha kucha kwa wepesi kukatisha ukingo. Ukikwangua unga mweupe, bado ni mkali, usiuguse. Vipya vivae nyumbani ukiwa umevika bleidi kava ngumu, dakika 20 kwa siku, ukikunja magoti. Kabla ya yote, bisbisi mkononi, skrubu zote za vya zamani moja baada ya nyingine.

Ukingo wa Nje
Nimeandika mkakati mpya: lupu na tolupu, flipu, Salchow, flipu. Axel nimeifuta. Nimepitia skrubu sasa hivi. Zote zimekaza isipokuwa moja ya kisigino cha kushoto, ya nyuma kabisa upande wa ndani. Inazunguka tu, haishiki. Soli ni ya ngozi. Nivirudie vipya?

fundi_bleidi
Hapana. Itoe uangalie tundu. Ngozi ikiwa nyeusi na laini kama sponji, maji yameingia, peleka kwa fundi kesho asubuhi. Ikiwa kavu na ngumu, chonga kijiti cha mbao laini, kipake gundi ya mbao, kisukume mpaka tundu lijae, kikate usawa na soli. Acha usiku mzima. Kesho toboa katikati kwa kitu chembamba kuliko skrubu, rudisha skrubu ileile kwa mkono, si kwa mashine, ukaze hadi ishike kisha robo zamu tu. Halafu shika bleidi kisiginoni uitikise kushoto na kulia. Ikicheza hata chembe, usiingie nayo.

Ukingo wa Nje
Kavu. Kijiti kimeingia, nasubiri gundi. Kesho saa mbili asubuhi naitikisa, nitaleta jibu hapahapa.