Ardhi mpakani mwa Jiji la Dodoma na Chamwino: nani anaamua nijenge nini?

Mnunuzi_Ihumwa: Wakuu, kuna robo tatu ya ekari inauzwa mashariki ya Ihumwa. Mwenyekiti wa kijiji yuko tayari kugonga muhuri, majirani wanasema pale ni jijini. Nataka nyumba ya kuishi na fremu mbili mbele. Nianzie wapi?

Mpima_Kati: Usizungumzie bei kwanza. Chukua koordineti (namba zinazoonyesha mahali) za kona zote, nenda ofisi ya ardhi ya jiji, kisha ya halmashauri ya Chamwino, uulize eneo linaangukia kwa nani na kama lina mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha viwanja, barabara na matumizi ya kila eneo. Wengi wanakosea hapa: simu inasoma WGS84, ramani nyingi za zamani ni Arc 1960, mifumo miwili tofauti ya kuhesabu koordineti. Ukizichanganya unahama karibu mita 300, unaonyeshwa shamba la mtu mwingine. Halafu longitudo ya nyuzi 36 inapita upande huohuo. Magharibi yake ni kanda ya 36 ya UTM (gridi ya ramani inayopima kwa mita), mashariki ni ya 37. Mpima aandike mfumo na kanda kwenye karatasi, la sivyo namba hizo hazina maana.

Mama_Mipango: Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi popote. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji igawe na mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Kama ni eneo la mipango miji, huendelezi bila kibali cha mamlaka ya upangaji, Sheria ya Mipango Miji ya 2007.

Kuhusu fremu, angalia mchoro unasema "makazi" au "makazi na biashara". Ukijenga fremu kwenye makazi matupu unaweza kuamriwa kubomoa. Kubadili matumizi kunaanza na maombi kwa halmashauri, kisha tangazo ili wenye pingamizi wajitokeze. Ikiwa unatazama barabara kuu ya Morogoro, hifadhi ya barabara, eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kutoka katikati ya barabara. Fremu ziwe nje ya hapo.

Mnunuzi_Ihumwa: Mchoro ukionyesha makazi, nilipe?

Mpima_Kati: Bado. Omba na mchoro wa upande wa pili wa mpaka, uiweke pamoja. Mara nyingi barabara ya mtaa ya jijini inaishia kwenye uzio wa shamba la kijijini kwa sababu kila halmashauri ilichora peke yake. Gari la zimamoto halipiti, la maji taka halipiti. Mtaro nao unakatika palepale, na mvua za Dodoma zikishuka kwa mkupuo maji yanamwagika uani kwa nyumba ya mwisho. Kama kuna korongo, uliza kama ofisi inalihesabu kuwa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na kwenye kipande chako hizo zinaweza kumeza karibu chote.

Mama_Mipango: Na usiamini ukubwa unaouziwa. Robo tatu ya ekari ni kama mita za mraba 3,000, lakini mchoro ukipitisha barabara ya mita 12 katikati, kwa urefu wa mita 60, zimeondoka 720. Muuzaji adai bei ya kilichobaki.