Mteja alibeba sofa akaniachia deni la 65k, niende korti ama nisamehe tu?

fundi_nax
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa sofa hapa Nakuru, pande za Free Area. Mwezi wa tatu kuna jamaa alikuja akapenda sofa ya watu saba, tukaelewana 95k, akanitumia 30k kwa M-Pesa ya mbao na sponji, zingine akasema atamaliza siku ya kuchukua. Siku hiyo akaja na pikapu jioni mvua imefunga, akaniambia M-Pesa yake imefika limiti atanitumia asubuhi. Mimi huyo nikamsaidia hadi kupakia na nikampa na gunia la kufunika asiloweshe kitambaa. Asubuhi hiyo haijafika mpaka wa leo. Kwanza alikuwa ananijibu "boss nipe hadi mwisho wa mwezi", saa hii ni tiki za buluu tu, na nasikia alihamia Kisumu kikazi. Hatukuandikiana kitu, ni WhatsApp na meseji za M-Pesa basi. Polisi wakaniambia hilo ni deni si wizi. Wakili mmoja naye anataka 25k ndio afungue faili. Sasa nitoe 25k nikitafuta 65k kweli?

mzee_wa_njoro
Limiti ya M-Pesa ni 250,000 kwa kutuma mara moja, huyo siku hiyo alikuwa ananunua shamba ama? Pole fundi. Kosa ni hilo gunia.

wakili_mtaani
Fundi pole. Mimi ni wakili hapa hapa Nakuru na nitakwambia kitu cha kuninyima kazi: kwa hiyo pesa usimlipe wakili 25k. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016, inasikiza madai ya hadi milioni moja na unajisimamia mwenyewe. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu uifungue. Mambo ya shamba, kuharibiana jina na kufutwa kazi hawasikizi, lakini bidhaa uliyouza ukakosa kulipwa hiyo ndiyo kazi yao kabisa. Na usiogope Kiingereza, Kiswahili ni lugha ya korti pia.

Polisi walikwambia ukweli. Watu wengi hudhani OB, kile kitabu cha ripoti pale polisi, ni dawa ya deni, anaenda anaandikisha anarudi nyumbani kungoja mdaiwa ashikwe, anangoja mwaka.

Hilo la kutoandikiana lisikunyime usingizi. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa ina kifungu cha zamani cha kuchekesha, eti mauzo ya kuanzia shilingi 200 (mia mbili!) yanataka maandishi, LAKINI kama mnunuzi amepokea mali ama amelipa sehemu ya bei, mapatano ya mdomo yanatosha. Wako amefanya yote mawili. Halafu ile "nipe hadi mwisho wa mwezi" ni dhahabu, mtu haombi muda wa deni ambalo hana.

Chapisha hizo meseji na namba yake na tarehe zionekane, usikate kate. Toa na steitimenti ya M-Pesa. Andaa pia cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kile cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, karatasi moja tu ya kusema simu ni yako na hujabadilisha kitu. Kwa madai madogo hawakazi sana sheria za ushahidi ila ukiwa nacho yule mwingine anakosa pa kushikilia.

Sasa mahali watu hupotezea kesi ni pale kwa korido. Nimeona hiyo sinema miaka mingi, mtu amekuja kutoka Molo na matatu ya kwanza, amefika mapema kuliko hata askari wa geti, anakaa kwa benchi nje kungoja aitwe, na karani alishaita majina ndani yeye akinunua chai, ama kesi inaendelea kwa simu na linki hakuulizia. Anashtuka saa tano kesi imetupwa kwa kukosa kufika na yeye yuko pale pale mlangoni! Angalia orodha ya kesi usiku wa kuamkia siku yako, ujue namba yako na chumba, na asubuhi muulize karani.

Na kuna mama wa nyanya hukaa kwa akili yangu. Alikuja na kaunta buku yake, kila kreti aliyokopesha hoteli ameandika tarehe na mwenye hoteli ametia sahihi na Biki, kurasa zingine zimeshikana kwa maji ya nyanya. Upande ule walikuwa na wakili, suti safi. Mwamuzi alifungua kile kitabu pole pole akawa anauliza swali moja tu, "hii sahihi ni yako?", ukurasa baada ya ukurasa. Walipofika wa nne yule wakili akaomba dakika kumi wakaongee nje. Huyo wakili nilikuwa mimi.

nyar_kisumo
😂😂 wakili umenimaliza. Lakini fundi sikia na upande huu. Mimi nilishinda kesi kama yako hapa Kisumu, nilikuwa nadai mtu wa keteringi, hukumu ilitoka haraka kweli kweli. Pesa sasa! Unapewa karatasi tamu unaenda nayo nyumbani, mdaiwa anapita na wewe Kondele anakusalimia. Kumtafuta dalali wa korti wa kukamata mali ni pesa tena, na akifika anaambiwa viti ni vya shemeji.

wakili_mtaani
@nyar_kisumo umesema kweli na mawakili hatupendi kuitaja mapema. Kitanda na sufuria za mtu dalali haruhusiwi kugusa, hata vyombo vyake vya kazi. Ndio maana fundi, kabla ya kufungua, chunguza huyo jamaa ana nini na anakula wapi. Kama ameajiriwa una bahati, korti inaweza kuamuru sehemu ya mshahara ikatwe, ila theluthi mbili anaachiwa. Kama ni mtu wa kuruka ruka tu, piga hesabu ya nauli zako kwanza.

Kuhama kwake si neno, mapatano yalifanyika Nakuru fungua Nakuru. Samansi pia si lazima umfuate Kisumu, tangu 2020 kanuni zinaruhusu kutumwa hata WhatsApp kwa namba anayotumia, ikionyesha imefika imefika. Lakini anza na barua ya kumdai, mpe siku saba, taja kiasi na taja hiyo mahakama kwa jina. Usimtukane. Barua yako nayo itasomwa na mwamuzi.

fundi_nax
Asanteni sana. Nimeandika jana usiku nikampigia picha nikamtumia. Siku zote nilikuwa nabembeleza hajibu, leo amejibu kwa dakika nne: "Boss korti ya nini na sisi ni marafiki, nitakutumia 20 Ijumaa zingine tuelewane."

wakili_mtaani
Skrinshoti sasa hivi kabla hajaifuta. Na umjibu kwa maandishi, akikupigia usishike.

mzee_wa_njoro
Na umuulize gunia liko wapi.