Re: Dischaji ya OTH ya mwaka 2013, bado kuna njia?

Kutoka: Mdogo wenu, Ohio

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Mimi humu huwa nasoma tu siandiki, ila leo imebidi.

Nilikuja Marekani kwa lotari ya grinkadi ya mama 2008, mzee akabaki Morogoro. 2011 nikaingia Army nina miaka 19, uraia nikaupata huko huko kwenye mafunzo. Mwanzo nilikuwa vizuri tu. Machi 2013 mzee akafariki, ruhusa ikasuasua mpaka wakamzika mimi niko kambini, basi nikaanza pombe, nikala Atiko 15 mbili (adhabu ya kamanda bila mahakama) za kuchelewa na kulewa, halafu nikatoroka siku 9, niliporudi wakanipima mkojo ukaonyesha bangi. Nikaambiwa nichague mahakama ya kijeshi au nisaini Chapta 10 niondoke. Nikasaini, wala sikusoma. Novemba 2013 nikatoka na OTH, yaani dischaji (rekodi ya kutolewa jeshini) isiyo ya heshima. Aliyenipa makaratasi akasema usijali kijana, baada ya miezi sita inapanda yenyewe. Haikupanda.

Sasa hivi naendesha lori, nina watoto wawili, nataka kusoma unesi. Chuo wameniuliza kama nina GI Bill, ule msaada wa masomo kwa waliotumikia jeshi, nikajifanya sijasikia. Halafu wiki iliyopita mtu kazini kaniambia wenye dischaji kama yangu wananyang'anywa uraia. Sijalala tangu Jumanne. Naombeni mwenye kujua.

Kutoka: Mdau, Atlanta

Pole sana bro. Mimi ninavyojua hiyo ya miezi sita ni kweli, labda faili lako lilisahaulika, wapigie simu wakukumbuke. Kuna jamaa yangu yake ilibadilika bila kufanya chochote.

Kutoka: Kaka yenu, Houston

Mdogo wangu wa Ohio marahaba, na pole ya mzee, najua ni zamani ila pole haichachi.

Wa Atlanta naomba unisamehe, hiyo ya miezi sita ni uongo na ni uongo mzee kuliko sisi wote humu. Mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2007 na nikausubiri huo mwezi wa sita kama mtu anasubiri mshahara. Hakuna dischaji inayopanda yenyewe Marekani hii. Hata baada ya miaka 40. Mpaka uombe mwenyewe, ueleze, na uthibitishe.

Nieleze yangu kwanza maana wengi humu mnanifahamu na hamuijui. Nilitoka na OTH nina miaka 21, kosa bangi na kumjibu sajini vibaya, na jingine sitaliandika hapa. Kwetu Tanga mama alikuwa ameitundika picha yangu ya magwanda sebuleni pembeni ya picha ya marehemu baba, kila mgeni lazima aonyeshwe. Nikawaambia nyumbani mkataba umeisha. Uongo huo niliubeba miaka 13.

Mwaka 2015 nikajaza fomu peke yangu usiku, DD 293, nikaandika ukurasa mmoja, wote malalamiko. Yuniti ilinionea, sajini alikuwa mbaguzi, wengine walivuta wakaachwa. Labda kweli yote. Wakanikatalia, barua yao fupi kuliko yangu. Niliposoma tena ile barua yangu miaka mitano baadaye niliona aibu, hakuna hata mstari mmoja uliosema mimi nilifanya nini. Ni kama mtu anakwenda kuomba radhi kwa wakwe anaanza kuwahesabia makosa wao.

Sasa sikiliza zinavyokwenda. Kuna bodi mbili. Ya kwanza ni Discharge Review Board, fomu yake ndiyo hiyo 293, ila lazima ombi liwafikie ndani ya miaka 15 tangu utoke, kwa hiyo wewe mwisho wako ni Novemba 2028, usijisahau ukaona bado mbali. Ya pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, fomu yake DD 149, hiyo kisheria ni miaka 3 tangu ugundue kosa lakini wana uwezo wa kusamehe huo muda wakiona haki inadai, na huko mara nyingi wanasoma makaratasi tu. Waliotolewa na hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi ile bodi ya kwanza haiwasaidii, wewe hukuhukumiwa kwa hiyo uko sawa. Kuomba ni bure. Rudia kusoma hapo, BURE. Na bodi haiwezi kukushushia ulichonacho, kwa hiyo huna cha kupoteza.

Kwenye hiyo ya kwanza unaweza kuomba wasome faili tu, au ufike mwenyewe uongee nao. Ukianza na faili wakakataa bado unaweza kurudi ukaomba kufika, ukianza na kufika huwezi kurudi kwenye faili. Mimi ndivyo nilivyofanya bila kujua, nikashindwa kwenye faili, 2020 nikaomba tena kufika, 2021 wakanisikiliza kwa video sababu ya korona. Watu watano, wengi wao maafisa. Nilivaa suti juu na chini pajama, msicheke. Wakaniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: "Kama kijana wako angefanya ulichofanya ungemwambia nini?" Nikanyamaza kidogo halafu nikawaambia ningemwambia arudi siku ile ile akakiri, maana mimi nilichelewa miaka 13. Baada ya miezi kadhaa barua ikaja, wamenipandisha mpaka General.

General, sio cheo cha jenerali jamani, ni dischaji ya "chini ya masharti ya heshima", ngazi moja chini ya Honorable. Tofauti yake ni kubwa na ndipo wengi wanapojichanganya. Kwa General nimepata hospitali za VA (idara ya maveterani) na mkopo wa nyumba. GI Bill sikupata, GI Bill ya baada ya 2001 inataka Honorable kamili. Kwa hiyo wewe unayetaka unesi omba Honorable, usiombe "chochote mtakachonipa". Na kwa kuwa ulitoka baada ya Januari 2013 GI Bill yako haina tarehe ya kuisha, ukiipata hata ukiwa na miaka 50 unasoma. Ila haitakuwa asilimia 100 maana hiyo inataka miezi 36 ya utumishi.

Kitu cha kufanya wiki hii: omba faili lako LOTE la jeshi, sio DD 214 (karatasi ya kutoka jeshini) peke yake. Unaomba kwa mtandao National Archives au unatuma fomu SF 180, St. Louis Missouri. Bure pia. Angalia kwenye 214 kisanduku namba 24 na 28, ndipo palipoandikwa aina ya dischaji na sababu, kwenye ombi lako waombe wabadilishe vyote viwili, maana ukipandishwa halafu sababu ikabaki "badala ya mahakama ya kijeshi" mwajiri akiisoma ni yale yale. Na tafadhali usiitume 214 humu au kwenye WhatsApp ya kanisa mkusaidiane kuisoma, ina namba yako ya utambulisho, ya soshali. Kuna mtu alishafanya hivyo.

Barua naandika kesho, nina zamu.

Kutoka: Dada, Minneapolis

Habari zenu. Mie mzaliwa wa Mombasa, kazi yangu ni kwa ofisi ya mawakili wa uhamiaji, si wakili mwenyewe, nisije nikanukuliwa.

Mdogo wetu wa Ohio, huyo wa kazini hakukudanganya lakini amekutisha bure. Sheria ipo. Aliyepata uraia kwa njia ya jeshi, akatolewa kwa dischaji isiyo ya heshima, kama OTH yako, kabla hajatimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima, uraia wake *unaweza* kufutwa. Unaweza, si kwamba unafutwa. Hakuna afisa atakayekuja nyumbani kukupokonya pasipoti, serikali lazima kwanza ikushtaki mahakama ya shirikisho, na wewe una haki ya kujitetea. Paspoti yako ni halali, watoto wako ni raia, lala.

Lakini ndiyo maana kwetu sisi wahamiaji hii kazi ya kupandisha ina uzito ambao Mmarekani wa kuzaliwa hauoni. Ukipanda hata hadi General, kwa mambo ya uraia hiyo inahesabiwa ni ya heshima, na ile hoja ya kukufutia inakosa mguu wa kusimamia. Kwa hivyo usiache kuomba kwa kuogopa kuamsha aliyelala. Ila kabla hujatuma, kaa na wakili wa uhamiaji saa moja umwonyeshe makaratasi. Na wale wengine mnaosoma kimyakimya, mlio na grinkadi bado, mlitoka jeshini vibaya na mwataka kujaza N-400 ya kawaida, fomu ya kuomba uraia: fomu inauliza habari za jeshi. Msidanganye. Kosa la bangi la zamani laelezeka, uongo juu ya fomu hauelezeki.

Kutoka: Kaka yenu, Houston

Asante dada, hilo la miaka 5 mimi mwenyewe sikulijua mpaka 2020, nimeishi na bomu chini ya kitanda.

Sasa barua. Mwaka 2018 Pentagon walitoa mwongozo kwa bodi zote, unaitwa memo ya Wilkie, utafute usome mwenyewe. Unasema dischaji ya heshima haihitaji mtu asiye na doa. Unazitajia bodi vitu vya kuangalia, na kimojawapo ni kama kosa lilikuwa ujinga wa ujana. Muda uliopita, kazi, tabia yako sasa, kukubali kosa, kujutia. Hayo ndiyo yawe mifupa ya barua yako. Kuna mwingine wa 2017, memo ya Kurta, huo ni kwa wenye matatizo ya akili yaliyotokana na jeshi au yaliyokuwepo wakiwa jeshini, bodi inajiuliza maswali manne: ulikuwa na hali hiyo, ilikuwepo ukiwa kazini, inaeleza kosa ulilofanya, na je ina uzito kuliko kosa lenyewe. Wewe ulikuwa kijana safi, mzee akafariki, ukanywa. Angalia tarehe zako mwenyewe, Machi msiba, makosa yote baada ya hapo. Usijipe ugonjwa ambao huna, lakini nenda kwa mtaalamu ukaongee, kama ataona palikuwa na kitu aandike.

Vielelezo. Mimi niliweka cheti cha polisi kuwa sina kesi, rekodi za kazi, barua ya bosi, ya imamu, na ya jirani Mmarekani ninayemkatia majani. Barua za watu ziwe na nguvu: anayekuandikia lazima ajue ulifanya nini na aseme anajua. Barua ya "huyu ni kijana mzuri mcha Mungu" bodi wanazo makabati. Na hapo ndipo nilipokwama miezi minne, maana mtu aliyenijua kabla, wakati na baada ni mmoja tu, na ndiye niliyemdanganya.

Nikapiga simu Tanga. Nikamweleza mama yote. Akanyamaza nikadhani simu imekatika, halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana hukuvaa yale magwanda harusini kwa dada yako." Alijua kuna kitu, alikuwa akinisubiri tu niseme. Akaandika kurasa mbili kwa mkono, Kiswahili, nikazitafutia mtu wa kuzitafsiri na akasaini kuwa tafsiri ni ya kweli, nikatuma zote mbili. Mmoja wa bodi aliitaja ile barua. Picha hakuitoa ukutani.

Msaada: American Legion na DAV, vyama vya maveterani, wana watu wa kukusaidia bure, na vyuo vingi vya sheria vina kliniki za maveterani. Mimi kwanza nililipa mtu dola 1,800 akanijazia jina na tarehe, basi.

Kingine, VA ni mlango tofauti. Hata na OTH nenda kaombe, wao wana uamuzi wao juu ya tabia ya utumishi wako, hawasubiri bodi. Dirishani wakikwambia huna haki, mwambie unataka kujaza ombi na upewe jibu kwa maandishi.

Kutoka: Mdau, Atlanta

Nimekaa. Nimempigia yule jamaa, kumbe alikuwa na wakili. Samahanini.

Kutoka: Mdogo wenu, Ohio

Nimesoma yote nikiwa nimeegesha lori Indiana, nimesoma mara mbili. Faili nimeomba leo asubuhi. Wakili wa uhamiaji nimepata nafasi tarehe 14.

Kaka wa Houston, swali moja. Mama yangu yuko hapa hapa Columbus, naishi dakika kumi kutoka kwake, kila Jumapili tunakula wote. Anajua nilitoka jeshini kwa sababu ya mgongo. Mgongo wenyewe kila wiki ananinunulia dawa ya kuchua. Hiyo barua yake nianzie wapi?

Kutoka: Kaka yenu, Houston

Anzia kwenye hiyo dawa ya kuchua. Mrudishie chupa.