Naombeni ushauri: ya utotoni yamerudi, usiku silali

Binti wa Tukuyu:
Habari za jioni wapendwa. Nimeolewa, nauza vitenge Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Baba alipofariki nililelewa na baba mdogo huko Tukuyu. Nikiwa na miaka tisa akaanza kunifanyia mambo asiyofanyiwa mtoto, na kipigo juu. Nilinyamaza, nikakua, nikajua yamekwisha.

Mwaka huu binti yangu katimiza miaka tisa. Tangu hapo usiku naamka kuhakikisha yumo chumbani, na mlango wa sebuleni naukingia stuli. Mume wangu akinigusa ghafla naruka. Mteja akipandisha sauti, mikono inatetemeka hadi nashindwa kukunja kitenge. Sasa mama kapiga simu: baba mdogo anaumwa, anakuja kutibiwa mjini, afikie kwangu. "Ni baba yako yule." Je, narukwa na akili? Na mama nimwambieje?

Mpenda Amani:
Pole sana dada. Samehe, mwachie Mungu. Kumfungia mgonjwa mlango ni kujitafutia laana.

Mama Kilolo:
Mpenda Amani, nami ni mtu wa sala, ila hapa nakataa. Hata akisamehewa leo, halali nyumba moja na yule mtoto! Mdogo wangu, mwambie mama: "Kwangu hatafikia, hela ya gesti nitachangia." Basi. Sababu utaitoa siku ukitaka wewe.

Nesi wa Nyanda za Juu:
Hurukwi na akili, dada. Mtoto aliyeishi kwa hofu mwili wake huzoea kukaa macho, na mazoea hayo hayaishi kwa kuolewa wala kupata duka. Mwanao kufikia umri uliokuwa nao wewe ni jambo linaloamsha kumbukumbu kwa wengi. Wengine huwarudia kwenye ujauzito au leba. Napokea akina mama wa kichwa, tumbo na moyo kwenda mbio, vipimo vyote safi. Ukimpa mtu nafasi ya kuongea, ndipo ya utotoni yanatoka. Na si wachache: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18.

Sonona, wasiwasi na kiwewe vinatibika. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ulizia huduma ya afya ya akili. Yapo mazungumzo maalumu ya kutibu kiwewe, na wengine huongezewa dawa. Za usingizi usijinunulie. Ukipata wazo la kujidhuru, usisubiri siku ya kliniki, nenda saa hiyo hiyo.

Kijana wa Mafinga:
Shemeji, mwambie mumeo. Mke wangu alipitia hayo na mimi nilidhani ananichukia. Alipofunguka nikaelewa; siku hizi naongea kwanza ndipo namsogelea.

Binti wa Tukuyu:
Asanteni, nimelia hapa. Mama nitampigia kesho. Nesi, nikifika naanzia wapi? Nikiwaza kulitamka, ulimi unakuwa mzito.

Nesi wa Nyanda za Juu:
Sema tu: "Silali, nashtuka ovyo, na kuna mambo ya utotoni yananisumbua." Inatosha kwa siku ya kwanza, hakuna wa kukulazimisha usimulie yote. Kama utakuwa huru zaidi na mwanamke, omba mapema. Na binti mfundishe namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.